Nne, Sifuri, Nne

Esiromo ndugu yangu, umeniuliza tena
kwa nini silipeleki Kibuye likapimwa kwa kilo,
tukagawana bei ya chuma.
Simu yangu ilikata. Basi soma.

Pijo la baba liko hai.
Ile rangi ya chai yenye maziwa mengi
imebabuka kwenye boneti, na mlango wa nyuma
naufunga kwa kamba ya katani,
lakini ukivuta choki asubuhi, ukalibembeleza,
linakohoa, linatema moshi,
linakubali.

Jumanne nilishuka nalo toka Luanda hadi Maseno,
ndizi za Andisi zimejaa kwenye buti.
Nikaegesha karibu na kibao cha ikweta.
Kabla sijazima injini akaja binti wa Kisumu,
Akeyo, jina limeshonwa kifuani,
na kijimashine cha kutema risiti.
Hamsini. Nikalipa.
Pochi haijarudi mfukoni, kijana wa Vihiga huyu hapa,
anahema kama aliyefukuzwa:
Mzee, hapa ni kwetu. Hamsini.
Nikamwonyesha risiti. Akaisoma
kama mke aliyeokota barua ya hawara.

Wakaanza kupima mpaka kwa gari la baba.
Huyu anasema unaanzia kwenye bampa,
yule anasema unapita chini ya kiti cha dereva,
na mimi juu yake nimekaa,
goti moja Nyanza, jingine Magharibi,
ndizi zinaiva.
Hawakuafikiana. Kila kaunti ikafunga gurudumu lake pingu.
Mbele kushoto, Kisumu. Nyuma kulia, Vihiga.

Unakumbuka leseni za zamani?
Karatasi ya duara kwenye kioo, moja, mwaka mzima.
Baba aliibandua kwa wembe kila Januari, polepole,
akaihifadhi kwenye mkebe wa kakao.
Bado ninao mkebe huo. Nimezihesabu duara zake:
thelathini na mbili, hakuna mwaka ulioruka,
hata ule alioachishwa kazi ya afya
tukala viazi vitamu mpaka Agosti.

Sasa wanataka namba mpya za usajili.
Na namba mpya hazitoki kwa jina la marehemu.
Nikaenda mjini na kile kitabu cha gari,
jalada la kitambaa, mwandiko wa karani
aliyechovya kalamu kwenye wino.
Mtoto wa kaunta akakigeuza huku na huku
akitafuta mahali pa kukichomeka.

Mtambo ukauliza mwaka wa kuundwa.
Orodha yake ilishuka, ikashuka,
ikaishia mwaka ambao mimi tayari nilikuwa na mvi.
Akaandika sabini na moja kwa mkono.
Haipatikani, mtambo ukasema.
Akajaribu tena, akapata njia ya uani.
Ukauliza thamani ya gari.
Nikamwambia, weka sifuri.
Sifuri haikubaliwi, mzee.
Basi wewe unaonaje?
Akatazama dirishani, akaliona
limeegeshwa chini ya jua, limefungwa kamba ubavuni,
akatabasamu, akaandika tarakimu
ambayo baba hakuwahi kuishika maishani,
na juu ya hiyo wakakokotoa ushuru.

Kwa hiyo hapana, Esiromo, silipimi kwa kilo.
Hapa kwetu, angalau, kuna mtu ameandika
kwamba lina thamani. Nina risiti yake.
Deni nitalimaliza baada ya mahindi,
ukinitumia nusu, baada ya maharagwe.

Na Akeyo, nisisahau, alirudi jioni ile
zamu yake imekwisha, akafungua pingu ya Kisumu,
akauliza kwa nini namba ya nyuma inasoma mia nne na nne.
Nikamwambia hiyo si namba ya usajili, ni jina la mtindo wake:
nne, sifuri, nne.
Akasoma kibao cha ikweta, akasoma buti,
akapanda mbele bila kuuliza
akashikilia usukani uliosimama,
miguu haifiki kwenye klachi.

Ya Vihiga bado imefungwa.
Wanafungua saa mbili.
Nitalala humo humo.